Sungura Wawili Nyumbani kwa Mkwe

Tundu nililitengeneza mwenyewe, na naanza na hilo kwa sababu hadi leo nikipita mbele yake hunyoosha mgongo. Lilikuwa kabati la vyombo lililokwisha kupoteza nusu ya vioo vyake, limeegeshwa nje ya duka moja la vitu chakavu Kikwajuni, paka kajilalia ndani. Mwenye duka aliniuliza nitaweka nini humo. Nikamwambia sungura. Akaliangalia kabati, akaniangalia mimi na buibui langu na mkoba wangu wa kazini, akacheka mpaka akakohoa. Kabati nikalichukua vilevile.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mwalimu mwenzangu anafuga sungura uani kwake, na mwaka ule walizaana hata akawa anamsimamisha kila anayepita kumuuliza kama hataki wawili. Wengine walikuwa wakimkimbia. Mimi sikukimbia. Nimezaliwa Mangapwani, katika nyumba ambayo alfajiri tulikuwa tukiamshwa na mbuzi, na tangu niolewe Mji Mkongwe, kiumbe pekee mwenye manyoya niliyekuwa nikimwona karibu ni paka wa kichochoroni, nao wana maringo kuliko wenye nyumba. Nilitaka mnyama wa kumlisha kwa mkono wangu.

Kulikuwa na jambo jingine, nami nitalisema wazi. Nyumba tunayoishi ni ya mama yake mume wangu. Ni nyumba nzuri ya zamani, kuta nene, ua katikati, vyumba vimeuzunguka ua huo chini na juu, na kila kilichomo kimewekwa na yeye: kila kiti, kila zulia, kila saa ya ukutani. Miaka yote niliyokaa pale sikuwa nimepigilia hata msumari mmoja. Nilikuwa nikipika, nikifagia, nikipokea wageni, na bado nilijiona mgeni aliyezoeleka. Nikataka niwe na pembe yangu katika nyumba ile, pembe ambayo mtu akiuliza nani kakiweka kitu hiki, jibu liwe mimi.

Mume wangu ni mtu mwema sana na mwoga sana wa maneno. Nilipomweleza alinijibu kama anavyonijibu kila ninapotaka kubadili kitu nyumbani.

"Muulize Mama."

Nilimkuta ukumbini juu, amekaa kwenye kiti chake, anachambua udi. Hapa sina budi nieleze, maana bila ya udi mkwe wangu hajulikani. Huutengeneza mwenyewe, kwa sukari na mawardi na vitu vingine ambavyo hamtajii mtu, na kila jioni kabla ya magharibi hupita na chetezo chumba baada ya chumba, moshi ukimfuata nyuma. Siku ya Ijumaa nguo zetu zote hutandazwa juu ya kitenga cha miti, chetezo kikawekwa chini yake, na juu akafunika kanga ili moshi usitoroke. Mume wangu kazini hujulikana kafika kabla hajaonekana. Wageni wanaotafuta nyumba yetu huambiwa wafuate pua zao.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, nlikuwa naomba kufuga sungura wawili."

"Wa kula?"

"Wa kufuga tu, Mama."

"Wa kufuga tu." Alilirudia neno kama mtu anayeonja mchuzi wa watu. "Dume na jike?"

"Majike wote wawili. Ndugu."

"Afadhali. Vinginevyo siye tungehamia kichochoroni wao wakabaki ndani." Akaweka pembeni kijiti cha udi alichokiona kibaya. "Sikiliza, mwanangu. Nyumba hii tangu nlipoingia bi harusi hainuki kitu isipokuwa udi. Siku ntakayopanda ngazi nkakutana na harufu ya mnyama, siku hiyohiyo wanaingia chunguni. Na biriani ntapika miye."

Nikasema naam, Mama. Alikuwa hatanii hata kidogo. Niliporudi chumbani nilikuwa na furaha, maana ruhusa nilikuwa nimeipata, na sharti lake lilikuwa la haki. Mimi pia sipendi nyumba inayonuka.

Basi nikaingia kazini. Mume wangu aliniazima msumeno na akataka kunisaidia, nikamfukuza. Vioo vilivyobaki niliving'oa, mahali pake nikapiga wavu wa waya wenye matundu madogo, ambayo hata panya wa Mji Mkongwe hawapiti, na wale si panya wa mchezo. Sakafu ya tundu nikaipanga fito zilizoachana kidogo, nikazipiga msasa mpaka nikaweza kuzipitisha shavuni, kwa sababu mguu wa sungura hauna unyayo mgumu kama wa paka, na akikaa juu ya waya mtupu hufanya vidonda. Nusu ya sakafu nikaitandika mkeka wapate pa kujinyoosha. Chini ya fito nikatia sinia la bati la kuchomoa na kurudisha. Miguu ya kabati nikaisimamisha kwenye makopo ya maji, kama mama yangu anavyofanya na kabati la chakula, ili sisimizi wasipande. Nilijikata vidole viwili na kujipiga nyundo kwenye kidole gumba, na kila mtu aliyeingia ndani nilimwonyesha tundu kwanza na vidole baadaye.

Pembe niliyopewa ilikuwa juu, upande wa kaskazini, kwenye njia inayouzunguka ua, pasipofika jua hata kidogo. Ukuta wa pale ni wa baridi mchana kutwa. Mwenzangu alikuwa amenionya kwamba sungura huuawa na joto upesi kuliko njaa, nami nikajipangia kugandisha chupa za maji, nizifunge kitambaa na kuwalaza nazo mchana, na siku umeme ukikatika nilowesha vigae na kuwawekea. Maranda ya kunyonya mkojo niliyapata kwa fundi wa milango wa mtaani, nikayapepeta vumbi kwenye ungo kama mchele. Ukoka aliukata baba yangu Mangapwani na kunipakilia kwenye gunia, nami nikauanika juu ya paa. Mkwe wangu alipanda paani kuangalia makopo yake ya rehani, yale majani ya kunukia, akakuta pametanda majani, akaniuliza kama nshaanza na ng'ombe.

Walipokuja, mmoja wa kijivu na mmoja mweupe mwenye sikio moja lililolala, nilikaa mbele yao asubuhi nzima bila ya kufanya kitu. Walikuwa wadogo, mbavu zinacheza. Yule mweupe alianza kula siku hiyohiyo. Wa kijivu alikuwa mwoga. Alijibanza nyuma ya mkeka mpaka nilipojifunza kumpa mgongo nikijifanya nasoma. Nilipomsikia nyuma yangu akiukatakata ukoka nilitabasamu peke yangu kama chizi.

Sinia nilikuwa nalichomoa alfajiri kabla ya sala na tena nikirudi kazini. Nalisugua kwa siki na maji, nalikausha, natia maranda mapya. Mavi yao makavu nayapeleka paani kwenye rehani ya Mama, ambayo ilianza kunenepa pasipo mtu kuulizwa sababu. Yeye kila asubuhi alikuwa anapanda ngazi taratibu, pua imetangulia. Anasimama mbele ya tundu. Anavuta pumzi. Anakwenda zake. Hakusema kitu wiki ya kwanza wala ya pili wala mwezi ulipokwisha, na kwa mkwe wangu kunyamaza ni sifa kubwa. Nilianza kutembea ndani ya nyumba ile kwa mwendo mwingine.

Mfungo Sita ukaingia. Kila mwaka mwezi huo mkwe wangu husoma maulidi ya wanawake nyumbani, alasiri, ukumbini juu, na wanaoalikwa ni mabibi wenye macho ya kuona utando wa buibui ulioning'inia kwenye dari ya jirani. Ukumbi wenyewe na tundu langu haviko mbali. Nilimwambia kwamba siku hiyo naweza kuwapeleka sungura kwa mwenzangu.

"Ya nini?" akasema. "Wanakaa hapa, watakaa. Waache waonwe."

Waache waonwe! Nililala nalo neno hilo, nikaamka nalo. Nikasugua tundu kwa brashi ya meno.

Siku moja kabla ya maulidi nilirudi kazini, na tangu mlangoni nikasikia udi mzuri kupita kawaida, udi wa harusi, ule anaouweka kwenye kijaluba cha fedha na hauguswi mpaka mtu aolewe. Nikapanda ngazi nikifurahia harufu. Nikamkuta mkwe wangu amekaa kwenye kibao mbele ya tundu langu. Chetezo amekiingiza chini ya kabati, baina ya miguu minne, na juu ya tundu zima amefunika kanga mbili, zimefika mpaka chini, asiachie pembe. Mkononi ana kipepeo cha ukili, anapepea makaa.

"Nnawafukiza," akaniambia, uso wake umenawiri. "Kesho wageni watawaona. Nimewatia ule wa harusi."

Na chini ya kanga nikasikia chafya. Moja, ikafuata nyingine, ndogo ndogo, hazina mwisho.

"Mama, unawaua!"

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele, wala sijawahi kugusa kitu alichokishika, lakini nilizivuta zile kanga nikazitupa, nikakiburuta chetezo mpaka makaa yakamwagika sakafuni, nikawatoa sungura mmoja huku na mmoja huku nikakimbia nao paani. Mweupe alijikung'uta, akapiga chafya, akatulia. Wa kijivu macho yalikuwa yanamtoka maji, pua imelowa, na kila pumzi yake ilikuwa na mkwaruzo. Nilipochungulia chini, mkwe wangu alikuwa amepiga magoti anaokota makaa kwa koleo, peke yake.

Nilimpeleka wa kijivu kwa daktari wa mifugo jioni ileile. Akamsikiliza kifua, akanusa manyoya yake, akaniangalia.

"Udi?"

"Udi."

Alisema moshi wowote ni adui wa mapafu madogo kama yale. Akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, nimnyweshe majani yaliyosagwa, kwani sungura asipokula tumbo lake husimama, na likisimama huwa vigumu kuliamsha. Kama kesho jioni hajala mwenyewe, nijue pana hatari. Asihamishwehamishwe, na asipelekwe penye sungura wengine. Na moshi, hata kidogo, asiuone.

Nikarudi na mzigo huo. Kesho ni maulidi. Maulidi bila ya chetezo kuzunguka si maulidi. Na nyumba yetu moshi wote wa chini na wa ukumbini hukusanyika uani na kupanda mpaka pale lilipo tundu, na vyumba vya juu milango yake ni ya fito za hewa, haizuii kitu. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Safari hii alisema, "Mwambie Mama." Nikaona hata yeye amesogea hatua.

Alikuwa chumbani kwake, anakunja zile kanga mbili.

"Mama, nisamehe kwa kelele."

"Kafa?"

"Hajafa. Lakini hali chakula."

Aliziweka kanga mapajani. "Miye niliwapa udi wa harusi," akasema. "Mwanangu mwenyewe nlimfukiza kwa udi ule siku anakuoa weye. Sikujua kama kitu kizuri kinaweza kumdhuru mtu."

Pale ndipo nilipofahamu alichokuwa amenifanyia. Hakuwa anaficha harufu ya sungura wangu. Harufu hawakuwa nayo, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana pua yake ilipanda ngazi kila siku. Alikuwa anawapamba. Alikuwa amewahesabu katika watu wa nyumba wanaotakiwa wapendeze mbele ya wageni. Nilimwonea huruma na nikampenda, yote kwa pamoja, na bado ilinibidi niseme.

"Mama, kesho nnataka udi usipande juu."

Alinitazama. Mkwe wangu ana macho ambayo yamewahi kumfanya fundi bomba arudishe kazi upya bila ya kuambiwa. Sikuinamisha kichwa.

"Nshasikia," akasema, akaendelea kukunja.

Sikujua maana ya nshasikia. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa toka. Asubuhi niliamka nikasikia vitu vinaburutwa. Nikatoka. Mume wangu alikuwa anateremsha mazulia kutoka ukumbini juu, moja moja, begani, jasho linamtiririka, na mama yake amesimama chini anaelekeza. Mito ikateremshwa. Mrashi wa mawardi, mabuli, sinia za vitumbua, vyote chini, katika ukumbi wa mlangoni ambamo siku zote huwekwa baiskeli na mapipa. Alikuwa amekwisha kuufagia na kuupiga maji. Mlango mkubwa wa nje ukafunguliwa mbawa zote mbili, na mlango wa kuelekea uani na kwenye ngazi ukafungwa na kuzibwa kwa pazia zito, ili moshi utoke kichochoroni.

Maulidi ya nyumba hii hayajawahi kusomwa chini. Kila aliyeingia alisita kizingitini, akaangalia pazia la mlango wa ngazi, akauliza. Mimi nilikuwa juu na bomba langu, namnyweshea wa kijivu matone ya mchicha uliosagwa, na kwa kuwa mkwe wangu hana sauti ya siri, nilisikia kila alilolijibu.

"Juu kuna mgonjwa."

"Masikini, nani?"

"Sungura wa mke wa mwanangu."

Mtu akacheka, akanyamaza upesi. Nilijua kwa nini amenyamaza. Nayajua macho yale.

Muda mfupi baadaye nikasikia viatu kwenye ngazi. Bibi mmoja wa Kikwajuni, ambaye kwa umbea hana mpinzani, alikuwa amekuja kuhakikisha. Alisimama mbele ya tundu kwa uangalifu, ushungi umeziba pua. Kisha akaushusha. Akainama. Akavuta pumzi, akazunguka upande wa pili, akavuta tena. Akateremka, na chini nikamsikia:

"We! Hawanuki hata kidogo!"

"Hawanuki," akasema mkwe wangu. "Na leo hawajafukizwa. Kawaweka yeye mwenyewe hivyo. Tundu kalijenga kwa mikono yake, lina sinia, lina kila kitu. Mukimaliza kusoma pandeni mukalione, wawili wawili, na musipige kelele."

Machozi yalinitoka pale pale, bomba mkononi. Nimesifiwa kazini, nimepewa vyeti, lakini hakuna sifa iliyowahi kunipata kama ile, iliyopita kwenye nafasi ya ngazi bila ya mwenyewe kujua nasikia. Au labda alijua.

Chini walisimama kisimamo cha maulidi, sauti zao zikajaa nyumba nzima hadi paani. Mbele ya tundu palikuwa na sahani ndogo ambayo sikuiweka mimi, ina vishada vya rehani vilivyotoka kuchumwa, bado vina maji. Rehani ile haichumi mtu isipokuwa mkwe wangu. Nilichukua kishada nikakiweka mbele ya wa kijivu, nikampa mgongo kama mwanzo, nikajifanya nasikiliza kaswida. Kwa kweli nilikuwa siisikilizi. Nilikuwa nasubiri, na nilikuwa nimeshaanza kujiambia maneno ya kujiliwaza, pale niliposikia nyuma yangu jani linakatwa. Kisha jingine. Nilipogeuka alikuwa amebakisha kijiti.

Nilipokwenda kwenye ngazi kumwambia mume wangu, aliyekuwa amejificha jikoni na vyungu, nilimwashiria kwa mikono kwamba anakula. Akainua mikono yote miwili juu, na upawa ukiwa katika mmojawapo.

Wageni walipanda wawili wawili kama walivyoamriwa. Nilisimama kando ya tundu nikawaeleza habari ya fito, ya msasa, ya makopo ya maji, ya chupa za barafu. Nilijieleza kuliko nilivyoulizwa. Wawili kati yao waliniuliza kabati kama lile linapatikana wapi.

Baada ya maulidi mazulia yalirudi juu, na baiskeli ikarudi mahali pake. Siku mbili zilipita bila ya udi popote. Nyumba ikawa na harufu ya chokaa na ya mkaa wa jikoni, harufu ngeni kwangu, na nilimwona mkwe wangu mara kadhaa jioni akisimama katikati ya chumba kama aliyesahau alichokifuata. Wa kijivu alikuwa anapona, na sikutaka kuwa mtu anayetoa amri katika nyumba ya watu.

Alhamisi, jua likielekea kuzama, nilikuwa nimechutama natia maranda kwenye sinia niliposikia ananiita kutoka chini.

"Naam, Mama!"

Nikachungulia. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza, chetezo mkononi, makaa yamewiva lakini udi wenyewe bado ameushika katika kiganja cha pili. Nilidhani ataniambia niwatoe sungura, au nifunge dirisha. Aliinua uso kuniangalia, yeye mwenye nyumba ile.

"Mwanangu," akasema, "leo nfukize wapi?"

"Chini kote, Mama, mlango wa nje ukiwa wazi na wa uani umezibwa."

"Na chumbani kwangu?"

"Chumbani kwako juu usitie, Mama. Lakini nguo nteremshie, ntazifukiza miye."

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akaudondosha udi juu ya makaa, na akageuka kuelekea mlangoni.